Burkitt, daktari wa jicho moja aliyeisaka saratani ya taya

Mzazi wa Karagwe au Kyerwa anayeona taya la mwanawe likivimba haraka ana sababu ya kumjua Denis Burkitt. Alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja utotoni, lakini akawa daktari wa upasuaji. Mwaka 1957 huko Mulago, nchi jirani ya Uganda, alimkuta mtoto mwenye uvimbe taya zima. Kisu hakikufua dafu. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walizunguka kilomita 16,000 kwa gari kuukuu, Tanganyika ikiwemo, wakiulizia hospitali kwa hospitali. Saratani hii huanzia kwenye seli nyeupe za damu na huzaana kwa kasi, hivyo dawa huiweza. Watoto wengi wakapona. Burkitt alifariki 1993. Taya likivimba, usisubiri; wahi hospitali.