Bell wa Karamoja

Walter Bell alizaliwa mwaka 1880, karibu na mji wa Edinburgh katika nchi ya Uskoti. Wazazi wake wote wawili walifariki yeye angali mtoto mdogo, akalelewa na kaka zake. Wakampeleka shule, akatoroka. Wakampeleka nyingine, akatoroka tena. Alipopata umri wa miaka 13 akaenda kufanya kazi ya baharini. Moyoni mwake alikuwa na nia moja tu, nayo ni kwenda Afrika kuwinda tembo.

Yapata mwaka 1896 alifika Afrika ya Mashariki. Wakati huo reli ya Uganda ilikuwa imeanza kujengwa kutoka Mombasa, na simba waliwasumbua sana wajenzi wake. Kijana Bell akapewa kazi ya kuwapiga simba hao. Bunduki yake ilikuwa ya risasi moja: kila akiisha kupiga, hana budi kuifungua na kutia risasi nyingine kwa vidole. Mtu aliyekabiliwa na simba hujua upesi jinsi muda ule mdogo ulivyo mrefu.

Baada ya hapo akasafiri mpaka Kanada, ambako watu wengi walikuwa wakichimba dhahabu. Yeye hakuchimba, bali aliwinda ili wachimbaji wapate nyama wakati wa baridi kali. Lakini mwenzake akamdhulumu fedha zake. Ndipo akajiunga na askari wa farasi wa Kanada, akaenda kupigana na Makaburu katika Afrika Kusini. Huko farasi wake alipigwa risasi, naye akatekwa. Lakini akatoroka, akarudi kwa wenzake.

Vita vilipokwisha, mwaka 1902, Bell alirudi Afrika ya Mashariki. Akafika Mumias, mahali walipokutana wafanya biashara wa Kiswahili waliokwenda kaskazini kutafuta pembe za ndovu. Kutoka hapo akaongoza msafara wake mpaka Karamoja, nchi kavu iliyo kaskazini mashariki ya Uganda. Huko alipata rafiki, Mkaramoja mmoja jina lake Pyjale, aliyezijua sana nyayo za wanyama. Kwa ajili ya safari hizo watu wakamwita Bell wa Karamoja.

Siku zile wawindaji wengi wa Kizungu waliamini ya kuwa mnyama mkubwa hana budi kupigwa kwa bunduki kubwa. Walitumia bunduki za kasiba mbili, zenye uzito wa kilo 6 au 7, na risasi moja ilikuwa na uzito wa gramu 48 au zaidi. Bunduki hizo zilimrudi mwenyewe begani kwa kishindo, hata wengine wakawa wanafumba macho kabla ya kufyatua. Tena kwa kuwa zilikuwa nzito, zilichukuliwa na mpagazi. Basi tembo akitokea ghafula, bunduki imo mikononi mwa mtu mwingine.

Bell hakufuata desturi hiyo. Alipima kazi iliyokuwa mbele yake, kisha akachagua chombo kilichoifaa. Kwanza alitumia bunduki za namna ya zile za askari wa Kiingereza, na baadaye akapenda zaidi bunduki nyepesi iliyotengenezwa na Rigby wa London kwa mtambo wa Mauser. Mauser alikuwa fundi wa Kijerumani, mwana wa fundi wa bunduki, na mtambo wake wa mwaka 1898 ulisifiwa duniani kote kwa nguvu na usalama. Kasiba ya bunduki hiyo ilikuwa na upana wa milimeta 7 tu, na risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 hivi.

Mtambo huo una kipande cha chuma mfano wa komeo la mlango. Mwindaji akiinua mkono wa komeo na kulivuta nyuma, ganda tupu hutupwa nje. Akilisukuma mbele, risasi mpya hutoka katika chumba kidogo kilicho chini na kuingia katika kasiba. Akiukandamiza mkono wa komeo, mlango umefungwa imara. Risasi tano zaweza kukaa humo. Bell alijizoeza kuvuta komeo mara tu baada ya kila mlio, bila kungoja kuona kama mnyama ameanguka, hata mkono wake ukawa unafanya hivyo wenyewe.

Alichagua risasi zake kwa uangalifu uleule. Alitaka risasi ndefu nyembamba, iliyovikwa ganda gumu la chuma, maana risasi ya namna hiyo haivunjiki ikikutana na mfupa, bali hupenya moja kwa moja. Aliwahi kuwa na bunduki nyingine iliyokuwa nyepesi kuliko hiyo, nayo ikampendeza sana mkononi. Lakini akaiacha, kwa kuwa risasi zake hazikuaminika. Alijua ya kuwa bunduki nzuri yenye risasi mbovu ni sawa na fimbo.

Tena bunduki mpya, hata ikiwa ya fundi hodari, haiwi tayari mpaka ilinganishwe na mwenyewe. Kitako chake kikiwa kirefu mno, hukwama katika nguo. Kikiwa kifupi, humgonga mtu usoni. Kikiwa cha kadiri yake, macho huziona alama za kulengea mara bunduki inapofika begani. Kisha mwenyewe hupiga shabaha kwa umbali uliopimwa, huku bunduki imeegemezwa juu ya mfuko wa mchanga. Risasi zikienda kushoto ya shabaha, alama ya mbele husogezwa kushoto kidogo. Zikienda kulia, husogezwa kulia. Hurudia hivyo mpaka risasi ziende pale jicho linapotazama.

Lakini Bell hakuitegemea bunduki peke yake. Risasi ndogo ikimpata tembo mahali pasipofaa, humtia maumivu na ghadhabu, naye tembo aliyejeruhiwa aweza kumwua mwindaji na wapagazi wake. Kwa hiyo Bell alitwaa kichwa cha tembo aliyekufa, akakipasua kwa msumeno katikati, akachungua mahali hasa palipo ubongo. Akajifunza kuupata kwa kupiga kutoka mbele, kutoka ubavuni, hata kutoka nyuma kwa mshazari, ambapo wengine hawakuthubutu. Tembo aliyepigwa hivyo alianguka papo hapo, na mara nyingi wenzake hawakutambua lililotokea. Wenyeji walipata nyama, naye akachukua pembe.

Kwa muda wa miaka 16 hivi Bell aliwinda katika Karamoja, katika nchi ya Lado kando ya mto Nile, na mpaka Afrika ya Magharibi. Hesabu yake ilifika tembo 1,011, na wengi wao waliuawa kwa ile bunduki nyepesi. Vita Kuu ilipotokea mwaka 1914, alijifunza kurusha ndege, akapigana katika Afrika ya Mashariki, kisha Ulaya, akapewa nishani ya ushujaa. Mwishowe alirudi Uskoti, akaandika vitabu vya safari zake. Alifariki huko mwaka 1954.

Mambo mawili yalifuata baada yake. La kwanza, wengine walitaka kumwiga kwa bunduki ndogo lakini hawakuwa na ujuzi wake, wakajeruhi wanyama wengi. Ndiyo sababu nchi kadha zimeweka sheria ya kukataza wanyama wakubwa na wakali kupigwa kwa risasi ndogo kama zile. La pili ni zito zaidi. Alipofika Bell, tembo walikuwa wengi hata hakuna aliyedhani ya kuwa wangeweza kupungua. Lakini walipungua kwa mikono ya wawindaji wengi waliotafuta pembe, hata mwaka 1989 mataifa yakakubaliana kukataza biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi. Leo tembo wa Karamoja hulindwa katika mbuga ya Kidepo, iliyowekwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1962.

Hivyo maisha ya Bell yana sifa, tena yana onyo. Sifa yake ni kwamba hakuchagua chombo kwa ukubwa wala kwa kishindo chake, bali alichagua kile alichoweza kukibeba, kukijua na kukitawala, kisha akatia bidii katika kujifunza. Onyo lake ni kwamba ujuzi ni kama risasi: huenda pale ulipoelekezwa. Mtu aliyefundishwa vema hana budi kujiuliza kwanza shabaha yake ni nini, na baada yake kutabaki nini.