Jimmie Rodgers: mtu wa reli aliyeimba huku kifua kikuu kikimmaliza

Tarehe 24 mwezi wa tano mwaka 1933, ndani ya studio moja ya New York, mwanaume mwembamba alikuwa anaimba wimbo mmoja, kisha anajilaza kwenye kitanda kidogo alichowekewa hapo, halafu anainuka kuimba mwingine. Siku hiyo alirekodi nyimbo nne. Tarehe 26, muda mfupi baada ya saa sita za usiku, alifariki katika chumba cha hoteli. Alikuwa na miaka 35 tu.

Huyo ni Jimmie Rodgers, ambaye Wamarekani wanamwita baba wa muziki wa kantri.

Alizaliwa tarehe 8 mwezi wa tisa 1897 na alikulia upande wa Meridian, jimbo la Mississippi. Mama yake alikufa mapema. Baba yake, Aaron, alisimamia vikundi vya kutengeneza reli, na kijana alimfuata kazini angali mdogo: kwanza kuwapelekea wafanyakazi maji ya kunywa, baadaye kuwa mtu wa breki kwenye treni. Wengi wa wafanyakazi hao walikuwa Weusi, na kwao ndiko alisikia nyimbo za bluzi. Hilo lisisahauliwe, maana kwa miaka mingi kantri ilitangazwa kama mali ya Wazungu peke yao.

Mwaka 1924 aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Dawa ya kuponya ugonjwa huo haikuwepo bado. Streptomisini iligunduliwa 1943, miaka kumi baada ya kifo chake. Kazi ya reli ikamshinda. Akabaki na kuimba, kazi ambayo nayo inakula mapafu.

Mwezi wa saba 1927, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alifika Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, kutafuta waimbaji. Rodgers alikwenda na wenzake wa bendi, lakini wakagombana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri, wakaachana. Tarehe 4 mwezi wa nane akaimba peke yake na gitaa lake. Miezi michache baadaye alirekodi Blue Yodel, na santuri hiyo ikauzwa kwa wingi sana. Watu walipenda namna alivyovunja sauti ghafla kutoka chini kwenda juu, kama wachungaji wa milima ya Uswisi.

Pesa ziliingia, naye alizitumia bila kuhesabu. Alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, ambako hewa kavu ilisemekana kusaidia wagonjwa wa kifua, lakini hakuweza kubaki nayo. Mwaka 1930 alirekodi pamoja na mpiga tarumbeta Louis Armstrong, Mweusi na Mzungu katika studio moja, jambo lisilo la kawaida Marekani ya wakati ule. Mwaka uliofuata aliimba waziwazi juu ya ugonjwa wake. Mdororo wa uchumi ulikuwa umeua soko la santuri, na safari ya mwisho ya New York ilikuwa ya kutafutia mke wake Carrie na binti yao Anita kitu cha kuishi. Treni ndiyo iliyorudisha mwili wake Meridian.

Santuri zake zilifika mbali kuliko yeye. Huko Kenya, Wakipsigis walizisikia, jina lake likageuka Chemirocha, na mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wao wakimwimba kama kiumbe nusu mtu, nusu swala. Ni Tracey huyohuyo ambaye miaka miwili baadaye alifika Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi kijana mmoja wa gitaa aitwaye Mwenda Jean-Bosco.