Poul la Cour: Mwalimu aliyeweka upepo akiba

WAHENGA walisema akiba haiozi. Hata hivyo, akiba ya umeme ina gharama yake, na hilo Poul la Cour alilijua zaidi ya karne moja iliyopita.

Wakazi wa Kakamega watauelewa mkasa wake upesi. Muwa huhifadhi nguvu za jua, na mwaka wa 2012 Kampuni ya Sukari ya Mumias ilizindua kiwanda cha kugeuza molasi kuwa ethanoli. Mwaka wa 2019, ikiwa imelemewa na madeni, kampuni hiyo iliwekwa chini ya mrasimu. Kutengeneza mafuta ni jambo moja. Kuyatengeneza kwa faida ni jingine.

La Cour alizaliwa Aprili 13, 1846, karibu na mji wa Ebeltoft, Denmark. Alisomea elimu ya hali ya hewa, na mnamo 1872 akawa naibu mkurugenzi wa taasisi ya kitaifa ya taaluma hiyo. Mnamo 1878 alianza kufundisha katika shule ya vijana wa mashambani kijijini Askov.

Kilichomkera ni kuona vijana wakikimbilia mijini, kwani umeme na viwanda vilikuwa huko. Mnamo 1891, kwa msaada wa serikali, alijenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Je, upepo ukitulia, wanafunzi wangesoma kwa taa gani?

Betri za wakati huo zilikuwa ghali. Akatumia umeme kutenganisha maji yawe haidrojeni na oksijeni, kwa mbinu ya Mwitaliano Pompeo Garuti, kisha akahifadhi gesi hizo matangini. Kuanzia 1895 hadi 1902, haidrojeni hiyo iliangaza shule.

Lakini oksijeni kidogo ilipochanganyika na haidrojeni, gesi ililipuka, na mara kadhaa madirisha ya shule yalihitaji vioo vipya. Hatimaye mwalimu alisalimu amri mbele ya hesabu. Mnamo 1902 aligeukia betri, na kijiji cha Askov kikapata umeme.

Mnamo 1904 alianza kuwafunza vijana wa mashambani ufundi wa umeme. Mmoja wao, Johannes Juul, ndiye aliyejenga kinu mashuhuri cha Gedser mnamo 1957. La Cour alifariki Aprili 24, 1908, akiwa na umri wa miaka 62.

Hesabu iliyomshinda ingalipo. Umeme ukigeuzwa kuwa haidrojeni, kisha ukarudishwa kuwa umeme, ni takriban thuluthi moja tu inayopatikana. Ndiyo maana mkakati wa haidrojeni uliozinduliwa na Kenya mnamo 2023 ulitanguliza mbolea, ambako gesi hiyo hutumika bila kurudishwa kuwa umeme.

Mkulima wa mahindi wa Malava hatauliza iwapo mbolea ilitokana na upepo au mvuke wa Olkaria. Atauliza gunia ni pesa ngapi. La Cour, aliyeishi na wakulima, angelielewa swali hilo.