Hans Kosterlitz: Mkimbizi aliyefumbua siri ya mofini

MKAZI wa Tarasaa au Garsen aliyewahi kumuuguza jamaa mwenye saratani anajua jinsi usiku unavyorefuka maumivu yanapopanda. Yakifika kiwango hicho, dawa inayotegemewa zaidi duniani ni mofini. Nayo ni upanga wenye makali kuwili: hutuliza, lakini mwili huizoea na kuitegemea, na ikizidi huzima pumzi.

Miongoni mwa waliofungua njia ya kuyatenganisha makali hayo ni Hans Kosterlitz, mkimbizi aliyepata ugunduzi wake mkubwa baada ya kustaafu.

Alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 27 Aprili 1903, mwana wa daktari. Alihitimu udaktari mwaka wa 1928. Wanazi walipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, Mayahudi walifungiwa milango ya kazi. Mwaka uliofuata alihamia Aberdeen, Scotland, kwa Profesa John Macleod, mmoja wa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa insulini.

Huko alichunguza kwa miaka mingi jinsi neva zinavyouamrisha utumbo. Kipande cha utumbo wa mnyama wa maabara, kikichochewa kwa umeme, hujikaza. Kikitiliwa mofini, mkazo hupungua. Kifaa hicho sahili kikawa mizani yake ya kupimia dawa.

Mwaka wa 1973, akiwa na umri wa miaka 70, alistaafu uprofesa, lakini akakabidhiwa kitengo kipya cha utafiti wa dawa zinazoleta uraibu. Mwaka huo huo, wataalamu wa Marekani na Sweden walithibitisha kuwa ubongo una vipokezi vya mofini, mfano wa kufuli zinazosubiri ufunguo. Swali likazuka: kwa nini ubongo uwe na kufuli ya utomvu wa mmea? Bila shaka mwili una ufunguo wake wenyewe.

Kosterlitz na mwenzake, John Hughes, waliutafuta katika bongo za nguruwe kutoka machinjioni. Desemba 1975 walitangaza kupata chembechembe mbili, wakaziita enkefalini. Mwaka wa 1977, yeye na wenzake walionyesha kwamba mbali na kipokezi cha mu, ambacho mofini hukipendelea, kipo kingine, delta.

Juu ya msingi huo, mwanakemia Philip Portoghese wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alijenga wazo jipya. Ikiwa vipokezi hukaa wawili wawili, dawa nayo iundwe yenye vichwa viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo: kimoja kiamshe mu, cha pili kizuie delta. Mwaka wa 2005, kundi lake liliripoti kwamba katika panya, molekuli zenye mnyororo wa urefu ufaao zilituliza maumivu bila kuleta mazoea wala utegemezi.

Hata hivyo, safari ya kutoka kwa panya hadi wodini ni ndefu, na mofini ingali tegemeo la wagonjwa.

Kosterlitz, aliyepokea Tuzo ya Lasker mwaka wa 1978 pamoja na Hughes na Solomon Snyder, alifariki Oktoba 26, 1996, akiwa na umri wa miaka 93. Mwanawe, Michael, alishinda Nobel ya fizikia mwaka wa 2016. Nchi iliyomfukuza ilipoteza mtafiti. Wagonjwa wa ulimwengu mzima wakapata tumaini.