Mechnikov na somo la mtindi

Nilizaliwa na kusomea ukimbizini Tanzania. Huko, mtoto akiumwa tumbo, mama alimpa kikombe cha mtindi. Sasa nafundisha baiolojia nyumbani Burundi, na wanafunzi huniuliza ni nani aliyeipeleka imani hiyo maabara. Nawatajia Ilya Mechnikov.

Mtaalamu huyo alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, katika Ukraine ya leo, wakati huo ikiwa chini ya Dola ya Urusi. Mwaka 1873 mkewe wa kwanza, Ludmila, alifariki kwa kifua kikuu, naye kwa majonzi akajaribu kujiua. Aliokoka.

Mwaka 1882, akiwa Messina nchini Italia, aliichoma mwiba lava ya kiti cha pweza. Kesho yake alikuta chembe hai zimeuzunguka mwiba ule. Hapo alitambua kuwa mwili una chembe zinazomeza vijidudu. Wengi walimpinga, lakini mwaka 1908 alitunukiwa Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Kabla ya hapo, mwaka 1888, aliondoka Odessa baada ya kuandamwa na wapinzani. Louis Pasteur alimpokea Paris na kumpa maabara, na huko ndiko alikoishi hadi kufa.

Akiwa Paris alishikilia kwamba bakteria wa utumbo mpana hutoa sumu zinazomzeesha mtu. Alivutiwa na habari za wakulima wa Bulgaria, waliosemekana kuishi miaka mingi kwa kutumia maziwa yaliyoganda. Basi naye akawa anayanywa kila siku, na wafanyabiashara wakachangamkia jina lake.

Hata hivyo, alifariki kwa ugonjwa wa moyo Julai 1916, akiwa na miaka 71. Baadaye ilibainika kuwa bakteria ule wa Bulgaria haufanyi makazi tumboni. Kilichobaki ni wazo lake kwamba wapo bakteria wenye faida, ambao leo huitwa probiotiki.

Je, zinatibu? Mwongozo wa wataalamu wa tumbo wa Marekani wa mwaka 2020 uliona aina chache zinaweza kusaidia kuzuia kuharisha kunakoletwa na bakteria Clostridioides difficile kwa wanaotumia antibiotiki. Kwa ugonjwa wa Crohn na vidonda vya utumbo mpana, ulishauri zitumike katika majaribio ya utafiti tu.

Naandika haya kwa sababu mwalimu mwenzangu aliacha dawa za vidonda vya tumbo, akanunua vidonge vya bakteria vilivyosifiwa sokoni. Alikimbizwa hospitali akitapika damu. Namshukuru Mungu yu hai.

Mechnikov alikuwa mkweli, lakini alikimbilia kuamini kabla ya kupima. Tusirudie kosa lake. Mtindi tunywe, ni chakula kizuri. Lakini anayeona damu chooni, anayekonda bila sababu au aliyeandikiwa dawa, amsikilize daktari kwanza.