Chifu Adam Sapi Mkwawa: Mtemi aliyekabidhiwa kiti cha Spika

Na Mwandishi Wetu

Katika historia ya Bunge la Tanzania hakuna aliyekikalia kiti cha Spika kwa muda mrefu kumzidi Chifu Adam Sapi Mkwawa. Aliliongoza Bunge kwa vipindi viwili, kuanzia Novemba 1962 hadi 1973, na tena kuanzia 1975 hadi Aprili 1994. Kwa jumla ni takriban miaka 30, iliyoanzia siku chache kabla ya Tanganyika kuwa Jamhuri na kuishia wakati Taifa likijiandaa kwa Uchaguzi Mkuu wa kwanza wa vyama vingi baada ya kufutwa kwa mfumo wa chama kimoja.

Alizaliwa mwaka 1920 katika ukoo uliokuwa na jina zito kuliko mengi nchini. Babu yake, Mtwa Mkwawa wa Wahehe, alilishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akapoteza ngome yake ya Kalenga mwaka 1894, kisha akapigana vita vya msituni hadi Julai 1898 alipojiua ili asikamatwe akiwa hai. Wajerumani walikikata kichwa chake na kukipeleka kwao. Mjukuu huyo alikulia katika nyumba ambayo msiba wake ulikuwa haujafungwa, kwa kuwa marehemu hakuwa amezikwa akiwa mzima.

Alipata elimu katika Shule ya Serikali Tabora, iliyowalea viongozi wengi wa kizazi cha uhuru, kisha akaendelea Chuo cha Makerere nchini Uganda, ambako alianza masomo ya udaktari. Mwaka 1940, akiwa kijana wa miaka 20, alirejea Iringa kushika utemi wa Uhehe, nafasi aliyokuwa nayo baba yake, Sapi Mkwawa. Tangu hapo safari yake ikawa ya utawala na si ya tiba.

Katika miaka hiyo chombo cha kutunga sheria kilikuwa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lililoanza mwaka 1926 bila mjumbe hata mmoja Mwafrika. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945 kwa kuteuliwa. Chifu Adam Sapi alifuata miaka michache baadaye. Kwa hiyo alizijua kanuni za mijadala tangu enzi ambazo Mwafrika alikaa katika Baraza hilo kwa hisani ya Gavana, muda mrefu kabla ya wananchi kupata haki ya kumchagua mwakilishi wao.

Tukio lililoliweka jina lake katika kumbukumbu ya nchi nzima lilitokea Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikuwa umeitaka Ujerumani kulirejesha fuvu la Mkwawa, lakini agizo hilo lilibaki katika karatasi kwa zaidi ya miaka 30. Hatimaye Gavana Edward Twining alilitafuta katika jumba la makumbusho mjini Bremen, akalileta Uhehe na kulikabidhi kwa Chifu Adam Sapi mbele ya watu wake. Hadi leo fuvu hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.

Mnamo Novemba 1962 Chifu Adam Sapi alichaguliwa kuwa Spika, akimrithi Abdulkarim Karimjee. Tarehe 9 Desemba mwaka huo Tanganyika ikawa Jamhuri. Mwaka 1963 Bunge alilokuwa akiliongoza lilipitisha sheria ya kufuta sheria ya machifu, na mamlaka ya kitemi katika utawala wa nchi yakafikia tamati. Hapo ndipo uzito wa maisha yake ya utumishi unapoonekana. Kiti alichokalia sasa kilimtaka asimamie kwa haki uamuzi wa kukiondoa kile alichokirithi. Wapo machifu ambao mabadiliko hayo yaliwaacha nje ya uongozi wa umma. Yeye alibakiwa na heshima ya kuitwa Chifu, huku madaraka yake yakitokana na Bunge na Katiba.

Maamuzi mengine makubwa yalifuata. Tarehe 25 Aprili 1964 Bunge la Tanganyika, katika Ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam, liliridhia Hati za Muungano na Zanzibar. Mwaka 1965 ilipitishwa Katiba ya Muda iliyoweka mfumo wa chama kimoja.

Kazi ya Spika katika mfumo huo haikuwa nyepesi. Mwaka 1968 baadhi ya wabunge walipoteza viti vyao kwa sababu walifukuzwa uanachama wa TANU, na mwaka 1975, aliporejea katika kiti baada ya kipindi cha Erasto Mang'enya, Katiba ilirekebishwa kutamka ukuu wa chama. Uhuru wa mjadala bungeni ulikuwa na mipaka iliyowekwa nje ya ukumbi, na Spika alifanya kazi ndani ya mipaka hiyo.

Hata hivyo, mipaka hiyo ilianza kupanuka akiwa bado kitini. Mwaka 1984 Bunge liliingiza Haki za Binadamu katika Katiba, na mwaka 1992 likapitisha marekebisho yaliyorejesha mfumo wa vyama vingi. Mwaka 1993 kundi la wabunge lililojulikana kama G55 liliwasilisha hoja ya kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, mojawapo ya hoja nzito kupata kusikika bungeni.

Aprili 1994 alimwachia kiti Pius Msekwa. Alifariki dunia mwaka 1999 na kuzikwa Kalenga, kwenye ardhi ileile alikolipokea fuvu la babu yake. Babu anakumbukwa kwa kukataa kutawaliwa. Mjukuu aliacha urithi wa namna nyingine, wa Bunge lililozoea kukabidhiana kiti kwa amani na kwa mujibu wa kanuni.