Humphry Davy: taa bila breve

Humphry Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 ku Penzance, jimbo la Cornwall, Uingereza. Kule watu walichimba bati, ile ile inayotoka katika kasiterite yetu ya Bisie. Baba yake alikuwa mchonga mbao. Alipokufa mwaka 1794 aliacha madeni na watoto watano, Humphry akiwa ndiye mkubwa. Kijana akawekwa kwa mganga mmoja ajifunze kazi, na hapo akaanza kusoma na kuchanganya dawa. Chuo kikuu hakukanyaga.

Miaka iliyofuata tuipite haraka. Mwaka 1801 aliitwa kufundisha London. Mwaka 1807, kwa nguvu ya umeme, alitenga potasiamu na sodiamu. Mwaka 1812 akapewa cheo cha Sir.

Mwaka huo huo, tarehe 25 Mei, mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka. Watu 92 walikufa, watoto wakiwemo. Makaa hutoa gesi, na gesi hiyo ikikutana na moto wa mshumaa inapasuka. Na bila mshumaa, mtu atachimba namna gani katika giza? Mwaka 1815 Davy aliombwa msaada. Akaenda kule kwenye migodi, akaongea na watu wa kazi, kisha akaletewa gesi mu chupa mpaka London. Akavumbua kwamba moto haupiti katika wavu wa waya wenye matundu madogo sana, sababu waya unanyonya joto. Basi akauzungushia moto wa taa wavu huo. Hewa inaingia, mwangaza unatoka, moto unabaki ndani. Januari 1816 ikajaribiwa chini ya ardhi ku Hebburn, ikafaulu.

Tena taa hiyo ilisema kitu. Gesi ikizidi, moto ulirefuka. Hewa ikikosa, ulizimika. Sisi tunaoijua mazuku, hewa ile ya upande wa Sake na Goma inayoua mtu bila harufu, tunaelewa bei ya alama kama hiyo. Torshi ya kichwa ya leo haisemi kitu juu ya hewa.

Rafiki yake mmoja, msimamizi wa migodi, alimwambia achukue breve, maana angepata maelfu ya pauni kila mwaka. Davy akakataa. Aliandika wazi taa inafanywa namna gani, na fundi yeyote akaweza kuitengeneza bila kumlipa hata sumni.

Tuko na mfano wetu: chukudu. Nani anaidai? Kila mchongaji wa Masisi anaitazama, anaiiga, anaongeza lake. Watu wa kompyuta nao wako na programu za namna hiyo, zenye ramani yake ya ndani wazi kwa wote. Linux, iliyoanzwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ni mojawapo, na simu za Android zilizojaa ku Rubaya zimejengwa juu yake (ingawa wauzaji wanafunga mengine juu kwa kufuli zao). Koperative ikitaka kuandika hesabu yake ya kilo na makuta, LibreOffice iko, bila kununua leseni.

Lakini Davy hakuwa malaika. George Stephenson, fundi mashine wa mgodi wa Killingworth, mtu asiyesoma sana, alikuwa ametengeneza taa yake mwenyewe na kuijaribu Oktoba 1815. Davy alimwona mwizi. Hakuamini fundi kama yule angeweza. Sisi hapo tunasimama na Stephenson. Wenzake walimchangia pauni 1,000.

Na kuna jambo baya zaidi. Mwaka 1835 tume ya bunge ilihesabu vifo vya Durham na Northumberland: watu 447 katika miaka 18 kabla ya taa, 538 katika miaka 18 baada yake. Kumbe wenye migodi, wakiisha kupata taa, walituma watu katika mashimo yenye gesi yaliyokuwa yameachwa, bila kutengeneza njia za hewa. Taa ilikuwa ya bure. Nani ashuke, na wapi, iliamuliwa na wakubwa. PDG wetu wangeielewa hesabu hiyo.

Wenye migodi walimshukuru Davy mwaka 1817 kwa vyombo vya fedha vya pauni 2,500. Alikufa ku Genève tarehe 29 Mei 1829, na miaka 50. Vyombo viliyeyushwa baadaye, na makuta yake yakaanzisha medali yenye jina lake, inayopewa wataalamu wa kemia tangu 1877.